Usiku wa Chini ya Kanga

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua limesimama katikati ya ua wetu pale Kionga, na Baba Mkubwa Momade anamwambia dada yangu mbele ya watu: "Kama kweli wewe ni mtoto wa Saidi, hebu tuhadithie hadithi moja. Hapa hapa. Sasa hivi."

Shangazi Zainabu, aliyekuwa anakuna nazi, alisimamisha mkono juu ya mbuzi. Kila aliyezaliwa pwani hii alijua kuwa ule ni mtego. Hadithi haisemwi mchana. Anayehadithia mchana anamtafutia mama yake kifo. Ndivyo tulivyolelewa, na mama zetu, na mama zao. Mtoto wa nyumba yetu angelijua hilo kabla ya kujua jina lake. Mgeni asingelijua.

Nitakueleza ulivyokwisha mtego ule. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia, badala ya kukuita jikoni tukaongea huku tunachambua mchele.

Nina hasira. Sitaficha. Jana umerudi kutoka shule macho yamevimba, kwa sababu Baba Mkubwa huyo huyo, na ndevu zake zote, amepita akakukuta uwanjani umezungukwa na wenzako, unawapa hadithi ya kaa anayebeba mwezi. Akakukaripia mbele ya darasa zima: "Mwongo mkubwa wewe! Unataka kumzika mama yako?" Nilivaa kandambili niende mlangoni kwake nikamwambie maneno ambayo mtu mwenye adabu hayasemi. Nikafika kwenye kisima nikarudi. Hasira hasara. Nikiongea kwa mdomo leo nitatukana, kwa hiyo naandika.

Mimi si mzee. Nywele zangu nyeusi, meno yangu yote yapo. Lakini waliokuwa na nasaha ya jambo hili wako makaburini, na aliyebaki ni yeye, na ya kwake si nasaha, ni kelele. Basi leo mzee ni mimi. Soma taratibu. Wewe mwenyewe siku ile ulikuwapo, una miaka minne tu. Hukumbuki, nami sikulaumu.

Babu yako Saidi, baba yangu mimi, alipokuwa kijana alipelekwa Ujerumani, ile ya mashariki, kwa mkataba wa kazi. Vijana wengi wa Msumbiji walipelekwa miaka ile. Yeye alitiwa kwenye kiwanda cha kufuma nguo, zamu ya usiku. Huko akapendana na mfumaji wa zamu ya mchana, wakazaa binti wakamwita Katrin. Sisi hapa ulimi ulikataa, akawa Katirini. Mama akitoka kwenda kazini, baba anaingia kutoka kazini, hajalala. Kwa hiyo mtoto mchana kutwa alikuwa wa baba.

Kisha ile nchi yao ikaisha, mikataba ikakatwa, wakarudishwa. Mtoto alikuwa wa kuanza shule. Barua zilikwenda, zikarudi, zikakoma. Baba akamwoa mama yangu, nikazaliwa mimi. Hakuficha. "Nina mwana Ulaya," alikuwa akisema, kama mtu anayetaja jino lililong'oka: halipo, ila ulimi kila mara unakwenda pale pale. Akafa hajamwona tena.

Katirini ndiye aliyetutafuta. Alimpata rafiki wa Baba aliyerudi naye, anakaa Pemba, ile ya Msumbiji si ya kisiwani, na yule mzee akampa namba yangu ya simu. Tukaandikiana kwa Kireno cha kuokoteza: changu cha sekondari, chake cha masomo ya jioni. Aliniandikia jambo moja tu analolitaka. Asimame kwenye kaburi la Baba, na mtu wa ukoo aseme: huyu ni mwanawe. Basi.

Akaja kwa njia ya Mtwara. Nilikwenda kumpokea Namoto, kwenye kivuko cha mpakani, wewe nimekushika mkono. Aliposhuka kwenye boti ya mto, begi lake la magurudumu likazama kwenye mchanga, na yule mama muuza samaki wa kukaanga pale forodhani, akishaambiwa anatoka wapi, akapiga makofi: "Jamani! Mjerumani mtawala alifukuzwa Kionga tangu enzi za babu zetu, leo karudi na gari la miguu miwili!" Watu wakacheka. Nikamfasiria. Katirini akacheka kuliko wote, akaliweka begi kichwani. Liliyumba, lakini alilibeba. Hapo nilianza kumpenda.

Njiani, tumekaa nyuma ya gari juu ya magunia, nilimuuliza: "Kazi yako nini hasa?"

"Naandika vitabu vya watoto," akasema. "Vya mambo yasiyokuwapo."

Kumbe dada yangu ana jina huko kwao, mwanangu. Na hakulipata kwa kupewa. Baba alipoondoka, mama yake alibaki kiwandani mpaka kiwanda nacho kikafungwa. Shuleni watoto walimvuta nywele wakimuuliza lini atarudi kwao, na kwao kwenyewe ni nyumba ya tatu kutoka shuleni. Alipokua akawa mlezi wa shule ya watoto wadogo. Kulikuwa na watoto wanaokataa kulala mchana, wanalia, wanawaamsha wenzao. Yeye aliwachukua pembeni, akajifunika nao shuka, akawahadithia alichokumbuka kwa baba yake: kaa anayebeba mwezi mgongoni, samaki waliokimbia maji ya bamvua wakajenga mji juu ya minazi, paka aliyekuwa akida. Alichosahau alikitunga. Wazazi wakaanza kumuuliza: hiyo hadithi mtoto anayoitaka nyumbani inapatikana duka gani?

Haikuwapo duka lolote. Ndipo akaandika.

Akapeleka kwa wachapaji. Wakamrudishia. Mmoja alimwambia mtoto wa Kijerumani hajui mnazi, aweke mti wa tufaha. Mwingine alikubali yote, minazi na kaa na akida, isipokuwa kitu kimoja: dada yangu alitaka ukurasa wa kwanza wa kitabu uwe mweusi. Mweusi wote, bila picha wala herufi, wino mtupu toka pembe hadi pembe. Yule mchapaji akamwambia huo ni upotezaji wa wino. Katirini akachukua karatasi zake akatoka. Alikuwa na njaa ya kuchapwa, na bado akatoka. Miaka ikapita analea watoto wa watu na maandishi yapo kabatini, mpaka akapata mtu na mkewe wenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu ndani ya jengo lililokuwa la kuoka mikate. Wale hawakuuliza. Walichapa ukurasa mweusi.

Leo watoto wa Ujerumani wanakwenda kumsikiliza na mashuka yao kwapani. Amepewa tuzo. Ameitwa kwenye mashule ya miji ambayo mimi siwezi kuitamka. Na kila kitabu chake, cha kwanza mpaka cha juzi, kinaanza na ule ukurasa mweusi.

"Wa nini?" nilimuuliza juu ya magunia.

"Sharti la baba yetu," akasema. Kisha gari likaruka shimo, wewe ukaanguka mapajani mwake, mazungumzo yakakatika.

Tulifika adhuhuri imeshaswaliwa. Bibi Awa, mama yake Baba, alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na giza tu. Kwa hiyo ile sura ya Baba aliyokuja nayo Katirini, paji lile, masikio yale, kwake haikuwa na faida. Alimshika mkono, akaubonyeza kama mtu anayepima embe, akauachia.

Aliyesema ni Baba Mkubwa. "Siku hizi kila mtu ana baba Kionga. Tangu waseme kuna gesi Palma, jamaa wanaota kama uyoga. Kesho atataka minazi."

"Hajataja minazi," nikasema.

"Wewe mfasiri, fasiri. Umeambiwa ujibu?" Akamgeukia. "Muulize kazi yake."

Nikamuuliza, akajibu, nikawaambia: anaandika hadithi za watoto, za mambo yasiyokuwapo.

Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Mentira! Kumbe kazi yake ni uongo, na anakula kwa uongo! Na huu wa leo ni wa kitabu gani?" Vijana waliokuwa ukutani wakacheka naye. "Kaburi la ndugu yangu halionyeshwi kwa mpita njia. Anywe maji, arudi Namoto kabla boti hazijalala."

Niliona Katirini anaushika mpini wa begi lake. Hakuelewa maneno, lakini kicheko hakihitaji mfasiri.

Ndipo Baba Mkubwa, kwa kuwa ameshaonja ushindi, akataka na utamu. Akasema yale niliyokuanzia: "Kama kweli wewe ni mtoto wa Saidi, hebu tuhadithie hadithi moja. Hapa hapa. Sasa hivi."

Nikafungua mdomo. Nilikusudia kumwambia kwa Kireno: kataa, sema umechoka, usithubutu. Nani angejua? Lakini Bibi Awa akagonga fimbo yake chini. "Mfasirie kama alivyosema. Usitie chumvi, usitoe chumvi."

Nikafasiri kama ilivyosemwa.

Katirini akainua uso akalitazama jua. Akalitazama kwa muda. Kisha akaniuliza: "Kanga iko wapi?"

Nilidhani anataka kujifunika kichwa kwa heshima. Nikamvulia yangu ya begani, ile ya zambarau yenye korosho kwenye pindo. Hakujitanda. Alikaa chini mkekani, akakuvuta wewe, mtoto pekee uliyekuwa karibu, akakupakata, akajifunika nawe gubigubi mpaka hamuonekani hata kidole. Mkawa kichuguu cha zambarau katikati ya ua.

Kutoka mle ndani sauti ikatoka, kwa Kiswahili. Si Kireno, mwanangu, Kiswahili; kile cha baba yangu, kilichokaa kwenye sanduku miaka yote bila kuvaliwa, kimekunjamana lakini hakijaliwa na nondo:

"Usiku umeingia. Paukwa!"

Na wewe, binti yangu usiye na aibu, ukaitikia kwa nguvu zako zote: "Pakawa!"

Vijana wakaangua kicheko. Baba Mkubwa akasema, "Ujanja gani huu wa kizungu? Mchana ni mchana, hata ukijifunika godoro!"

"Nyamaza, Momade."

Bibi Awa alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona anainuka. Fimbo yake ilibaki chini.

"Saidi alipougua surua," akasema, "alikuwa mdogo kuliko huyu kitukuu. Hatoki nje, hali, mchana kutwa analilia hadithi. Ningefanyaje? Nihadithie mchana mama yangu afe? Ninyamaze mwanangu afe? Nikajifunika naye kanga. Kukawa giza. Nikamwambia: usiku umeingia. Siku zote za ugonjwa wake tukawa tunaufanya usiku wetu, mimi na yeye. Sikumwambia mtu. Ningeitwa mvunja mwiko. Hata baba yenu hakujua. Na wewe, Momade, ulikuwa chuoni kwa mwalimu unasoma juzuu, usingejua." Akanyoosha mkono kuelekea kile kichuguu. "Sasa mniambie ninyi wenye macho. Huyu kafundishwa na nani? Kanga ilikwenda Ulaya kwa miguu yake?"



Ndipo nilipouelewa ukurasa mweusi. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku, mtoto anataka hadithi, na nje kumekucha. Mtu yuko nchi ya theluji, hakuna mzee wa kumwona, hakuna wa kumkaripia, na bado hakuthubutu kumweka mama yake hatarini. Akavuta blanketi. Akafanya usiku. Na binti yake, alipokuja kuweka hadithi kwenye karatasi, kitu kinachofunguliwa na mtu yeyote saa yoyote juani, alianza na usiku, ndipo akaandika neno. Alikataa kuchapwa kwa ajili ya mama wa Kionga asiyemjua. Waite uongo hilo. Mimi nitawaonyesha mlango.

Bibi Awa akatambaa mkekani, akainua pindo la kanga, akasema: "Sogea, mke mwenzangu. Unanibania usiku."

Unajua bibi humwita nani mke mwenzake. Mjukuu wake wa damu, wa utani, wa kugombania naye mume aliyekwisha kufa. Shangazi Zainabu alilipua kigelegele mpaka kuku wakapanda ukutani.

Hadithi ilikuwa ile ya kaa na mwezi. Tuliisikia kutoka nje, sauti mbili chini ya nguo moja. Kiswahili cha Katirini kilipoishiwa, Bibi alimalizia. Na Bibi alipofika mahali alipopasahau, jinsi kaa alivyouchubua mwezi kwenye mwamba, Katirini akamkumbusha. Wewe ulikuwa katikati unauliza maswali ya kipumbavu.

Walipotoka, nywele zimeloa jasho, Bibi alimwita mwanawe mkubwa. Hakupaza sauti. "Momade. Mkataa kwao mtumwa. Je, anayemkatalia mwenziwe kwao, huyo ni nani? Nimetafuta jina lake sikulipata. Umeuchukua mwiko niliokufundisha ili usimdhuru mama, ukaufanya ndoano ya kumvulia yatima. Alasiri utatangulia wewe njia ya makaburini, na maneno utasema wewe."

Akatangulia. Akasema, uso kama aliyekunywa maji ya chumvi: "Saidi, mwanao kaja." Katirini hakulia. Aliniuliza Baba amelala ubavu gani, nikamwonyesha upande wa kibla, akakaa chini kwenye ardhi ile kavu upande ule ule kama anayekaa kando ya kitanda. Tukamwacha.

Yaliyofuata baadaye unayajua. Ikaja miaka ya bunduki, tukakimbia na tulichovaa. Kule tulikohifadhiwa, kwenye mahema, watoto walikuwa wanalia mchana kutwa na usiku hakuna anayethubutu kutoa sauti. Bibi Awa, haoni, hana meno, alikusanya wanawake wenye kanga, akatuamuru tuzishone pamoja. Tukashona usiku mkubwa wa kuingia watoto wote wa safu yetu. Wewe ulikuwa wa kwanza kuingia, kwa vile ulidhani ni mali yako. Hakumaliza nasi mwaka kule. Mungu amrehemu. Katirini alipopata habari aliandika kitabu, na hicho kina kurasa nyeusi mbili. Ya pili ni ya Bibi.

Ndiyo maana nasema, nikiwa na hasira yangu hii hii: sisi ni nyumba ya watu wa hadithi, na sitavumilia mtu akuite mwongo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Bibi alisana, babu yako alivukuta huko kwenye baridi, mama yako mkubwa Katirini ametoa panga linalong'aa nchi ya watu. Jana ulikuwa na moto huo huo mdomoni, na mtu mzima akautemea mate.

Lakini sikiliza na hili, kwa sababu mapenzi yasiyosema kweli ni chandarua chenye matundu. Kosa lako la jana lipo, nalo ni dogo: ulihadithia juani, kichwa wazi. Usiseme mwiko ni ujinga wa wazee. Wakubwa zako watatu waliuheshimu, kila mmoja mahali ambapo angeweza kuuruka na asionekane na mtu. Wala usikubali mwiko uzibe mdomo wa mtoto mgonjwa au mwenye hofu. Wazee hawajengi nyumba isiyo na mlango. Ukiona ukuta, zunguka taratibu, utaupata. Na ukishakuwa mkubwa, mtu akaja uani kwenu akasema mimi ni wenu, mwulize maswali, ndiyo, dunia ina matapeli. Ila usimtegee mtego ukamcheka kabla haujafyatuka. Mwekee mkeka, umpe nafasi ya kukuonyesha alichobeba.

Kwa Baba Mkubwa nitakwenda mimi, kesho, hasira ikipoa kidogo. Nitamwamkia kama anavyostahili mkubwa wa baba yangu. Kisha nitamkumbusha alivyotangulia njia ya makaburini.

Wewe kesho chukua ile kanga ya zambarau, niliyoifumua kutoka kwa zile nyingine tuliporudi Kionga, iko kwenye kamba nyuma ya mlango. Korosho za pindoni zimefifia, lakini haijatoboka, nimeiangalia juani. Nenda nayo shuleni. Wakusanye wale wale waliokuona unalia, wafunike, wabanane. Anza na usiku.

Mungu akupe giza la kukusitiri na ulimi wa kulijaza, mwanangu. Akupe wasikilizaji wanaouliza maswali ya kipumbavu. Na siku utakapobisha hodi ugenini, asikosekane bibi wa kukwambia: sogea, mke mwenzangu.